Bi. Lillian wa Mtaa wa Henry: Somo la Ujirani



Wapenzi wasomaji, katika darsa zetu za kina mama hapana haki inayotajwa kwa wingi kama haki ya jirani. Tangu utotoni tumesikia jinsi Jibrili, alayhi salaam, alivyomuusia Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, juu ya jirani kwa kurudiarudia. Tumefundishwa pia kwamba jirani hapimwi kwa dini yake wala kabila lake, bali kwa mlango wake. Haya tunayajua kwa ulimi. Swali ninalotaka kulileta mbele yenu wiki hii ni hili: mtu akitaka kuyafanya maisha yake yote yawe ni kutekeleza haki hiyo moja, ataishi vipi?

Jibu langu ni mwanamke ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa bara letu, na ambaye ameiaga dunia zaidi ya miaka 80 iliyopita. Jina lake ni Lillian Wald. Alikuwa Myahudi, muuguzi kwa taaluma, na kwa muda wa miaka 40 alikaa katika mtaa mmoja wa masikini mjini New York, Marekani, akiwahudumia watu wa mtaa huo.

Natambua kwamba wako watakaoshtuka kuliona neno Myahudi katika ukurasa huu kwa kusifiwa. Nyoyo zetu zina majeraha kwa yanayowafika ndugu zetu wa Palestina, na sitaki kumwambia mtu yeyote asiumie. Lakini dini yetu imetufunza kupima kwa mizani ya haki. Surat al-Mumtahana imetuwekea wazi kwamba hatukukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita wala kututoa majumbani mwetu. Na Mtume wetu mwenyewe alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, akawakumbusha masahaba waliostaajabu kwamba na huyo naye alikuwa nafsi. Basi na tukae kidogo na nafsi hii, tuone ilifanya nini.

Lillian Wald alizaliwa tarehe 10 Machi 1867 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, na akakulia Rochester, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa Mayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati, watu wa biashara wenye nafasi. Alisoma shule nzuri, na nyumba yao ilijaa vitabu na muziki. Msichana wa namna hiyo, katika zama zile, alitazamiwa aolewe kwa heshima na akae kwa raha. Lakini dada yake alipojifungua, aliitwa muuguzi kuja kumhudumia, na Lillian akamtazama muuguzi yule akifanya kazi yake. Humo ndimo alimoipata njia yake. Akajiunga na chuo cha uuguzi cha Hospitali ya New York, na mwaka 1891 akahitimu.

Wakati huo upande wa mashariki wa kusini mwa mji huo, sehemu iitwayo Lower East Side, ulikuwa umefurika wahamiaji. Wengi walikuwa Mayahudi waliokimbia mateso na ufukara wa dola ya Urusi. Wengine walikuwa Wataliano, na kabla yao Wairishi na Wajerumani. Walikaa katika majumba ya kupanga ya ghorofa tano au sita, vyumba vidogo visivyopata hewa wala mwanga, vyoo vya kushirikiana, na ngazi zenye kiza mchana kutwa. Baba, mama na watoto walishona nguo humo humo walimolala, kwa ujira wa vipande. Kifua kikuu kilikuwa mgeni wa kila nyumba.

Mwaka 1893 Bi. Lillian alikuwa akiwafundisha kina mama wa mtaa huo uuguzi wa nyumbani. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mvua ikinyunya, alikuwa akiwaonyesha namna ya kutandika kitanda cha mgonjwa. Akaingia mtoto wa kike, akaeleza kwamba mama yake ni mgonjwa. Mwalimu akakusanya shuka alizokuwa akifundishia, akamfuata mtoto yule. Walipita barabara zilizochimbika, taka zikiwa zimerundikana, wakavuka ua wa vyoo vilivyokuwa wazi bila kizuizi, wakapanda ngazi zenye matope. Ndani ya vyumba viwili walikuwamo watu saba wa familia moja, pamoja na wapangaji waliowakodishia nafasi ya kulala. Baba alikuwa kilema, akisimama pembe za barabara kuomba huku akijifanya anauza vitu. Na kitandani alilala mama aliyejifungua, damu ikimtoka tangu siku mbili. Daktari alikuwa amekwenda zake kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kumlipa.

Bi. Lillian alimwosha mama yule, akamwosha na mtoto mchanga, akasafisha chumba, akatandika kitanda kwa shuka zile zile. Alipokuwa akiondoka, watu wa nyumba ile walimbusu mikono. Baadaye aliandika kwamba asubuhi ile ilikuwa kwake kama ubatizo wa moto, na kwamba njia fupi aliyoongozwa na mtoto ilimfungulia macho juu ya dhuluma zote za mji ule kwa pamoja. Akaacha masomo ya udaktari aliyokuwa ameyaanza. Hakutaka tena kusubiri ukumbini wagonjwa waletwe. Alitaka awe pale ambapo mtoto anaweza kumkimbilia.

Hapa nawaomba ruhusa nizungumze juu ya nafsi yangu, kwa kuwa kisa hiki niliposimuliwa na mwalimu wetu katika chuo cha uuguzi, niliinama nikalia mbele ya wenzangu, na hawakujua kwa nini.

Miaka zaidi ya 30 iliyopita, kabla sijajua lolote la uuguzi, nilijifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Mombasa, nikawa nimo ndani ya arubaini yangu. Damu ilikuwa nyingi. Wakubwa waliokuwa wakiniangalia, Mungu awarehemu, walisema ndiyo nifasi, kila mwanamke huipitia. Siku ya nne jioni akabisha hodi bibi mmoja jirani, ambaye si wa ukoo wetu, na ambaye nyumba yake ilikuwa inatazamana na uwa wetu. Akaketi kando ya kitanda, akanishika kiganja, akaniambia, "Mwanangu, jana nimeona shuka tatu kambani, na leo nimeona nne. Nifasi haifuliwi shuka namna hii." Hakungoja mashauri. Alikwenda mwenyewe akaita gari, akanifunga kanga, akanipeleka hospitali usiku ule, na humo nikaongezwa damu nikapona, alhamdulillahi. Tukio hilo ndilo lililonipeleka chuoni. Bibi yule hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa na elimu ambayo hospitali haina: alizijua shuka za jirani yake.

Ndiyo maana hatua ya pili ya Bi. Lillian naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Kumsaidia mgonjwa mmoja katika asubuhi ya mvua, watu wengi hufanya. Yeye alihama. Mwaka ule ule wa 1893, yeye na muuguzi mwenzake, Mary Brewster, walihamia mtaani. Baada ya muda wakapanga katika ghorofa ya juu ya jumba kama yale waliyokaa wenyeji wote. Walitaka, kwa maneno ya leo, kuwa wakaazi kabla ya kuwa watoa huduma. Wazee wetu wamesema fimbo ya mbali haiui nyoka, nao walikuwa wameamua kuishika fimbo yao karibu.

Mwaka 1895 tajiri mmoja wa benki, Jacob Schiff, naye Myahudi, aliwanunulia nyumba nambari 265, Henry Street. Nyumba hiyo ikawa makao ya wauguzi. Wenyeji walipanda vidaraja vyake usiku na mchana bila kuulizwa dini yao wala lugha yao. Sheria moja aliyoishikilia Bi. Lillian ilikuwa hii: muuguzi asiutumie ugonjwa wa mtu kumhubiria dini. Myahudi, Mkatoliki na asiye na dini wote walihudumiwa sawasawa. Anayeweza alilipa senti chache ili asijione ombaomba, na asiyeweza hakulipa kitu, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Iko picha mashuhuri iliyopigwa mwaka 1908 inayomwonyesha muuguzi wa Henry Street, amevaa joho refu na kushika mkoba wake, akivuka kutoka paa la jumba moja kuingia paa la jumba la pili. Walifanya hivyo ili wasishuke na kupanda ngazi za kila jumba, wakapata kuwafikia wagonjwa wengi kwa siku moja. Kila niionapo picha hiyo huyakumbuka mawikio ya Lamu, yale madaraja ya juu yaliyounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro ili wanawake wapate kutembeleana bila ya kushuka njiani. Wazee waliojenga mawikio walielewa kwamba njia ya kutoka nyumba hadi nyumba ni sehemu ya nyumba yenyewe. Wauguzi wale nao walitafuta wikio lao pale ambapo waliojenga hawakuwawekea.

Kazi ilikua. Kufikia mwaka 1913 walikuwapo wauguzi 92 wa Henry Street, wakifanya ziara 200,000 majumbani kwa mwaka. Mwaka 1909 Bi. Lillian aliishawishi kampuni kubwa ya bima ya Metropolitan Life iwalipie wateja wake huduma ya muuguzi nyumbani, na mpango huo ukaenea miji mingi ya Marekani. Jina la kazi yenyewe, uuguzi wa afya ya umma, ambalo sisi wauguzi wa Kenya tumelikuta katika vitabu vyetu vya masomo, alilianzisha yeye.

Lakini nisingependa muondoke na idadi peke yake, kwa sababu si idadi iliyomfanya mwanamke huyu awe mwanaharakati. Ni tabia yake ya kutokubali kwamba tatizo limekwisha pale mgonjwa mmoja anapopona. Kila alilolikuta nyuma ya mlango mmoja alilifuata mpaka kwenye ofisi lilikotoka.

Nitatoa mfano wa shule. Katika zama zile madaktari wa mji wa New York walikuwa wakiwakagua wanafunzi, na mtoto aliyeonekana na trakoma ya macho, chawa, upele au ukurutu alirudishwa nyumbani na karatasi mkononi. Mama hakuweza kuisoma karatasi ile. Mtoto akabaki njiani, akicheza jioni na wenzake wale wale aliotengwa nao asubuhi. Bi. Lillian alikutana na mvulana wa miaka 12 asiyejua kusoma hata neno moja, kwa kuwa kila alipokwenda shule alirudishwa kwa sababu ya vidonda vya kichwani. Dawa yake ilikuwa ya senti chache na mtu wa kumpaka.

Basi mwaka 1902 akawaendea wakubwa wa mji na shauri. Atawapa muuguzi mmoja, Lina Rogers, kwa mwezi mmoja, awatibu watoto shuleni na kuwafuata majumbani, na gharama iwe juu ya Henry Street. Mwezi haukwisha ila manufaa yalikuwa yamedhihirika, na serikali ya mji ikaanza kuajiri wauguzi wa shule. Watoto waliorudishwa nyumbani walikuwa zaidi ya 10,000 katika Septemba 1902. Septemba iliyofuata walipungua wakawa takriban 1,100. Hivyo ndivyo muuguzi wa shule alivyoanza kulipwa na serikali nchini Marekani.

Nyuma ya nyumba ya Henry Street aliufanya uwanja mdogo wa kuchezea, kwa kuwa watoto wa mtaa hawakuwa na pa kucheza ila katikati ya mikokoteni na farasi. Hakutosheka na uwanja wake. Mwaka 1898 alishirikiana na wenzake kuunda jumuiya ya kudai viwanja vya umma, na mwaka 1903 Seward Park ikafunguliwa katika mtaa huo, uwanja wa kwanza wa kudumu wa watoto uliojengwa na serikali ya mji nchini humo.

Na iko habari ya pamba. Mwaka 1903 Bi. Lillian alisoma katika gazeti, akiwa kwenye kifungua kinywa, kwamba waziri wa kilimo anasafiri kwenda majimbo ya kusini kuchunguza madhara ya mdudu aharibuye pamba. Akajiuliza: ikiwa serikali inaweza kumhangaikia mdudu wa pamba, mbona haina hata ofisi moja ya kuhesabu watoto wanaokufa, au watoto wanaofanya kazi viwandani? Yeye na rafiki yake, Florence Kelley, wakalishika wazo hilo, wakalipeleka mpaka kwa Rais Theodore Roosevelt. Ilichukua miaka. Mwaka 1912 Rais Taft alitia saini sheria iliyounda Idara ya Watoto ya serikali kuu, na mkuu wake wa kwanza akawa mwanamke, Julia Lathrop. Kina mama wanaosema mambo ya serikali si yao, na wakumbuke kwamba idara hiyo ilianzia kwenye meza ya chai ya muuguzi.

Hakuishia kwa Mayahudi wenzake. Mwaka 1906 aliajiri muuguzi wa kwanza mweusi katika huduma ile, Elizabeth Tyler, aliyekwenda kuwahudumia Wamarekani weusi waliokuwa wametengwa upande mwingine wa mji. Mwaka 1909, ilipoitishwa mikutano iliyozaa chama cha kutetea haki za watu weusi, kile kijulikanacho kwa kifupi NAACP, Lillian Wald alikuwa miongoni mwa waliotia saini wito wake, na akafungua milango ya Henry Street ili wageni weusi na weupe wakaribishwe pamoja chini ya paa moja. Katika mwaka ule, jambo hilo peke yake lilikuwa la kuzua maneno.

Kisha vikaja vita. Agosti 1914, Ulaya ilipoanza kuungua, Bi. Lillian alikuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano ya wanawake mjini New York. Walitembea kimya kupinga vita, ngoma zikipigwa kwa sauti ya chini kama za maziko. Alisimama pia kuongoza jumuiya iliyopinga Marekani isiingizwe katika vita hivyo. Marekani ilipoingia mwaka 1917, baadhi ya matajiri waliokuwa wakiichangia Henry Street walizuia fedha zao. Msimamo wake ulikuwa na bei, na bei yenyewe ingewagusa wagonjwa aliowapenda. Alivumilia, akaendelea kuomba kwa wengine. Mwaka uliofuata, homa kali ya mafua ya 1918 ilipowamaliza watu kwa maelfu, mji ule ule ulimwita akae mbele ya baraza la dharura la wauguzi. Akawakusanya wauguzi na wanawake wa kujitolea kutoka kila jumuiya, wakapelekwa majumbani mwa wagonjwa.

Alistaafu mwaka 1933, baada ya miaka 40. Tarehe 1 Septemba 1940 alifariki Westport, jimbo la Connecticut, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuolewa, wala hakuacha mtoto wa kumzaa. Aliacha vitabu viwili na nyumba ambayo hadi leo, katika majengo yale yale ya Henry Street, inaendelea kuwahudumia watu wa mtaa ule, ingawa Mayahudi wengi walikwishahama na mahali pao wakaja wengine kutoka pande nyingine za dunia.

Wapo waliozilaumu nyumba za huduma za namna ile. Walisema kwamba watu wenye nafasi walikuja kuwafunza wahamiaji waache mila zao na kuiga za wenyeji wao. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, na yeyote anayekwenda kusaidia na aisikilize. Lakini Bi. Lillian alikuwa katika wale waliosema waziwazi kwamba wahamiaji wamekuja na hazina ya desturi na maarifa, na kwamba watoto wao wasifunzwe kuwaonea haya wazazi wao. Kuwakaa karibu ndiko kulikomfunza hayo.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa ibada nyingi, na kazi yake hakuipachika jina la dini. Hata hivyo, katika dini ya wazee wake liko neno tzedakah, ambalo ndilo jina la mali anayopewa mhitaji. Mwalifahamu neno hilo bila ya mimi kulifasiri. Lina asili moja na sadaqa ya Kiarabu, ambayo ndiyo sadaka yetu ya Kiswahili. Katika lugha yao asili hiyo yaelekea kwenye maana ya uadilifu. Katika Kiarabu yaelekea kwenye ukweli. Mkizikutanisha maana hizo mbili mtaona kwamba sadaka si huruma ya mwenye nacho kumwelekea asiyenacho. Ni haki inayolipwa, na ni ukweli unaothibitishwa kwa vitendo. Sidhani kama yuko aliyeiishi maana hiyo waziwazi kuliko mwanamke aliyepokea simanzi za mtaa mmoja kwa miaka 40 na kila simanzi akaiuliza imetoka wapi.

Wala sisi si masikini wa mifano. Historia yetu inamtaja Rufaida al-Aslamiyya, aliyekuwa na hema lake penye msikiti wa Mtume mjini Madina, akiwauguza majeruhi. Alipojeruhiwa Saad bin Muadh katika vita vya Khandaq, ni katika hema hilo alimowekwa. Angalieni pale lilipokuwa hema: halikuwa nje ya mji. Lilikuwa penye msikiti, mahali ambapo kila mtu hupita mara tano kwa siku. Rufaida na Lillian wametenganishwa na dini, bahari na karne nyingi, lakini katika jambo hili moja wamekutana: mwenye kuuguza na akae pale wanapopita watu.

Sasa nirudi kwetu. Mitaa yetu ya Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale imekuwa na milango mingi mipya, na nyingi kati yake zina vyuma. Kamba za nguo zimehamia juu ya paa au ndani ya varanda zilizofungwa. Familia zinahama kila miezi sita kwa ajili ya kodi. Tunatoa sana, Mungu azikubali: futari za Ramadhani, michango ya maziko, karo za mayatima. Mkono wetu wa kutoa haujakauka. Kinachopungua ni jicho. Tunampelekea jirani biriani ya Idi wala hatujui kwamba mtoto wake wa miaka tisa hajaingia darasani mwaka mzima.

Serikali yetu mwaka 2023 iliwapa mikoba ya vifaa wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 nchi nzima, ili wazunguke majumbani. Wengi wao ni wanawake, na wengine ni wasomaji wa ukurasa huu. Ni jambo jema, na anayelifanya anatembea katika nyayo za Henry Street hata kama hajawahi kuisikia. Lakini mhudumu mmoja ana nyumba nyingi mno. Hawezi kuijua kila kamba ya nguo. Kazi hiyo ni yako wewe uliye mlango wa pili.

Kwa hiyo naleta ombi dogo kwa vikundi vya kina mama vya madrasa na misikiti. Darsa likisha, kabla ya kahawa haijamiminwa, na yaulizwe maswali matatu kwa sauti. Nani amejifungua katika kichochoro chetu, na nani amemtembelea? Nani ni mzee anayekaa peke yake? Mtoto gani yuko nyumbani saa za shule, na kwa sababu gani? Kila jibu lipewe mtu mmoja wa kulifuata kwa wiki ile. Na sababu ikijirudia katika nyumba tatu, basi hilo si jambo la nyumba tena. Ni jambo la kwenda nalo kwa chifu, kwa mwalimu mkuu au kwa mwakilishi wa wadi, tukiwa wengi, tukiwa na majina na hesabu mkononi, bila ya kupayuka wala kuchoka. Halihitaji fedha, wala halihitaji mtu aliyesoma. Linahitaji mtu anayekaa hapo hapo na asiyehama moyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majirani ambao mtoto aliyetumwa na mama mgonjwa anaujua mlango wao. Awarehemu waliotuangalia tulipokuwa hatujiwezi. Na kila aliyetenda wema juu ya ardhi hii, elimu ya nafsi yake iko kwa Mola wake, Naye ndiye Mbora wa wenye kuhukumu.

Wabillahi tawfiq.